Utamaduni Huishi Katika Kazi: Fundisho la Wasukaji wa Carolina

Katika mafunzo ya itikadi vijijini, utamaduni mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni ngoma na mavazi ya sikukuu tu. Fikra hiyo ina upungufu. Utamaduni wa umma una msingi wake katika kazi: katika zana, katika malighafi, na katika uhusiano wa watu wanapozalisha mali. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mfano wa ndugu zetu wenye asili ya Afrika huko Marekani, kisha inaupima mfano huo kwa hali ya Izimbya.

1. Ungo wa mtumwa

Katika karne ya 18, mashamba ya mpunga ya pwani ya Carolina yaliendeshwa kwa jasho la Waafrika waliotekwa. Wengi walitoka sehemu za Afrika Magharibi ambako mpunga ulilimwa tangu kale. Wengine walitoka Angola. Hawakufika na mali wala zana. Walifika na ujuzi mikononi. Kwa matete ya kinamasi walitengeneza nyungo pana za kupepetea mpunga, wakizungusha fungu la majani na kulishona, mzingo juu ya mzingo, kwa mtindo unaojulikana sehemu nyingi za Afrika.

Hapa pana ukinzani wa kuzingatia. Ungo ule ulikuwa chombo cha kumtajirisha bwana. Lakini kwa kuwa bwana aliuhitaji, hakuweza kuufuta ujuzi wa kuutengeneza. Majina ya watumwa yalibadilishwa na koo zao zikatawanywa. Ungo ukabaki, kwa sababu ulikuwa ndani ya uzalishaji.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, na baadaye kilimo cha mpunga kikafifia. Usukaji haukufa, maana ulipata kazi mpya. Karibu na mji wa Charleston, huko Mount Pleasant, akina mama walisuka vikapu kwa nyasi laini za pwani, na kuanzia miaka ya 1930 wakaviuza kwenye vibanda kando ya barabara kuu.

2. Nyasi ni za nani?

Mwaka 2006 jimbo la South Carolina liliutangaza usukaji huo kuwa kazi rasmi ya mikono ya jimbo. Heshima hiyo ni njema, lakini haikuwapa wasukaji nyasi. Sehemu kubwa ya pwani ilikwisha chukuliwa na wenye mahoteli na majumba ya starehe, na mahali walipokata nyasi mama na bibi zao pakawekwa uzio. Leo wengi wao husafiri mbali kutafuta nyasi, au huzinunua. Ni dhahiri basi kwamba anayetawala malighafi ndiye anayeshika pia hatima ya kumbukumbu ya watu.

3. Somo la nyumbani

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Uchimbuzi uliofanywa Katuruka, mkoani Kagera, umeonyesha kwamba chuma kilifuliwa Buhaya yapata miaka 2,000 iliyopita. Vyuma vya Ulaya vilipoingia kwa bei rahisi, matanuri yetu yalizimika. Mwaka 1976 wazee waliowahi kufanya kazi hiyo walijenga tanuri na kuyeyusha chuma tena, na wataalamu wakaandika kila hatua. Kumbukumbu ilikuwa bado hai, lakini ilikuwa katika vichwa vya wachache. Ujuzi usiotiwa kazini huzikwa pamoja na mwenyewe.

Sasa tuitazame rweya. Kwa desturi, wanakijiji walikata huko nyasi za kuezekea msonge, za kutandika nyumbani na za kufunika shina la mgomba. Wanawake walilima humo misiri yao. Katika sehemu nyingi za Bukoba na Muleba, rweya imegeuzwa kuwa mashamba ya misonobari na mikaratusi ya watu binafsi wenye uwezo. Miti ina faida yake. Swali la kisiasa ni hili: nani aliamua, na nani alipoteza?

4. Wajibu wetu

Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kuidhinisha maeneo ya matumizi ya pamoja. Uwezo huo utumike kabla rweya haijakwisha.

Pili, mafundi na wasukaji waungane katika ushirika, ili jasho lao lisiishie mfukoni mwa mlanguzi.

Tatu, shule ziwaite wazee wafundishe kwa vitendo, si kwa kusimulia tu.

Watumwa wa Carolina waliuhifadhi ujuzi wao bila ardhi, bila sheria, bila uhuru. Sisi tunavyo vyote vitatu. Tukiipoteza rweya, hatutakuwa na bwana wa kumlaumu.