Umbali ni Mmoja, Saa Hutofautiana

Haya wanangu, sogeeni karibu. Sungura na Fisi tuwaache wapumzike. Leo nawapeleka Mwanza kwa ndege, kutoka Dar es Salaam.

Kwanza tupime njia. Mwenda kwa basi hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100 za lami. Sasa chukueni tufe la dunia lililoko darasani na kipande cha uzi. Ncha moja ishikeni Dar, nyingine Mwanza, kisha mvute uzi mpaka ukaze. Utaelekea kaskazini-magharibi moja kwa moja, na Dodoma na Singida zitabaki mkono wa kushoto. Hizo ni kilomita 850 hivi. Ndege haina milima ya kuzunguka wala mto wa kutafutia daraja, ndiyo maana hufuata njia iliyo karibu na uzi huo.

Tupige hesabu. Jeti ikishafika juu huenda kama kilomita 800 kwa saa. Gawanyeni 850 kwa 800, mtapata saa moja na dakika nne hivi. Mbona basi abiria huambiwa watatumia kama saa moja na nusu? Hapa ndipo penye utamu.

Saa ya ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, na husimama inapoegeshwa mwisho wa safari. Kabla ya kupaa, ndege hutambaa kwa magurudumu hadi kwenye njia ya kurukia. Pale Dar, ncha moja ya njia hiyo imeandikwa 05 kwa tarakimu kubwa nyeupe. Ongezeni sifuri: nyuzi 50 za dira, yaani kaskazini-mashariki. Msimu wa kaskazi upepo hutoka huko, na ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, maana upepo wa mbele husaidia mabawa kuinyanyua mapema. Kwa hiyo huanza kwa kuelekea kusiko Mwanza, kisha hukunja kushoto kuifuata njia yake.

Tena kupanda juu huchukua muda, na wakati huo mwendo bado haujakamilika. Kushuka nako hutaka subira: rubani hupunguza mwendo mapema. Kukiwa na ndege nyingine mbele, waongozaji walioko mnarani humwambia asubiri zamu yake.

Halafu kuna upepo wa juu. Ndege ni kama mtumbwi mtoni: ukifuata mkondo unakwenda mbio, ukiupinga unachelewa. Jeti yetu ikisukumwa na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ile 800 inakuwa 850, na njia nzima ni saa moja kamili. Upepo uleule ukija usoni, inabaki 750, na saa moja inaongezewa dakika nane. Ndege ya mapangaboi, iendayo kama kilomita 600 kwa saa, itahitaji saa moja na dakika 25 kabla hatujahesabu kupanda na kushuka.

Basi mkiulizwa Mwanza iko umbali gani, tajeni kilomita bila wasiwasi. Mkiulizwa mtafika saa ngapi, ulizeni kwanza: tunapanda ndege gani, na upepo unatoka wapi?