Uzi Mwembamba, Samaki Mzito: Rekodi za Mshipi, kutoka Fungu Kizimkazi hadi Mnadani Katesh

Mbulu na Hanang ukitaja neno rekodi, watu wanatazama miguu. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu enzi Karatu ikiwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, na dunia nzima ikabaki nyuma yake. Gidamis Shahanga wa Hanang akaleta dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kutoka Edmonton mwaka 1978. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza wa mwisho Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bendeji, na mpaka leo anatajwa kuliko yule aliyeshinda.

Kwa hiyo mtu wa Hanang akianza kuandika habari za nyuzi za kuvulia baharini, ana haki ya kuulizwa kapatwa na nini. Bahari hatuna. Tuna ziwa Basotu, lenye perege, kambare na viboko, na tuna Balangida chini ya mlima, maji ya magadi ambayo kiangazi hugeuka uwanja mweupe. Mshipi nilijifunzia Basotu: fito, nailoni, ndoana moja, mnyoo. Nilipofika Dar es Salaam na kupanda boti ya kuvulia kwa mara ya kwanza, nilidhani nina elimu ya kutosha.

Tuanze na samaki, maana uzi bila samaki ni uzi wa cherehani tu. Kusini-mashariki ya Unguja, mbali na nchi kavu, kuna kisiwa kidogo kisicho na mti, kimejaa ndege wa baharini. Ramani za Wazungu zinakiita Latham, kwa jina la meli iliyokiona mwaka 1758. Waswahili wanakiita Fungu Kizimkazi. Pembeni yake bahari inashuka ghafla, na kwenye ukingo huo wanakaa jodari wenye meno ya mbwa, wale wa mwambani, ambao wakiumwa na ndoana hawaruki wala hawachezi juu: wanapiga mbizi moja kwa moja kuelekea kwenye matumbawe. Februari 2015, katikati ya kaskazi, Jon Patten alimtoa hapo mmoja wa kilo 107.5. Shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, likamwandika kuwa mkubwa kuliko wote wa aina yake waliowahi kuvuliwa kwa fimbo. Aliyeshikilia nafasi hiyo kabla yake alitoka Mauritius. Rekodi ya dunia, kwenye maji ya Tanzania, na nimekutana na Watanzania wachache mno wanaoijua.

Kanuni za IGFA, iliyoanzishwa mwaka 1939 huko New York, ni kali kama za mahari. Mtu mwingine akishika fimbo yako wakati samaki yuko kwenye ndoana, rekodi imekufa. Samaki hapimwi chomboni. Sharti apelekwe nchi kavu. Na uzi wenyewe unapimwa ukiwa umelowa, kwa sababu nyuzi nyingi hubadilika nguvu zikilowa, na samaki havuliwi pakavu.

Sasa wazito kabisa. Papa mweupe wa Alfred Dean, Ceduna, Australia Kusini, Aprili 1959: kilo 1,208. Sulisuli mweusi wa Alfred Glassell, Cabo Blanco, Peru, Agosti 1953: kilo 707. Tazama miaka hiyo vizuri. Wote wawili walivuliwa kabla uzi wa kisasa unaouzwa kwa bei ya mbuzi haujazaliwa. Anayekuambia kwamba bila uzi wa mwaka huu hutapata samaki anauza uzi.

Nyuzi za zamani zaidi ya hapo zilikuwa za kitani, na kitani kilikuwa na adabu zake: kila jioni unautoa wote kwenye rili, unauanika, la sivyo unaoza. Ndiyo aina iliyokuwa ikitumika siku alizofika huku mwandishi Ernest Hemingway. Huyu bwana alipita Babati njiani kwenda Kondoa kuwinda, mapema mwaka 1934, wakati Babati ikiwa bado wilaya ya Mbulu. Safari ya kuwinda ilipokwisha akashuka Malindi kuvua samaki. Msimu mmoja, kutoka bonde letu hadi Bahari ya Hindi. Nimemtangulia kwa machache, lakini kwa njia hiyo amenitangulia.

Nailoni ikaja mwishoni mwa miaka ya 1930 kutoka kampuni ya DuPont ya Marekani, ikaua kitani. Halafu ikaja iliyo kiini cha makala hii: uzi wa kusuka.

Huu umetokana na poliethilini. Ndiyo, jamaa wa mfuko wa rambo, ule uliopigwa marufuku nchini Juni 2019. Tofauti ni kwamba minyororo ya plastiki hii ni mirefu mno, na kiwandani huyeyushwa ikawa kama uji mzito, ikapitishwa kwenye matundu madogo na kuvutwa mpaka minyororo yote ilale upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Waholanzi walianza kuuza nyuzi hizo kwa jina la Dyneema mwaka 1990. Wamarekani wana zao ziitwazo Spectra. Watengenezaji husema kwamba, uzito kwa uzito, zinakishinda chuma mara 15. Ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo zinaelea. Na karibu hazinyumbuki kabisa: nailoni ikivutwa sana hurefuka hata robo ya urefu wake, hii hurefuka kidogo tu. Ndiyo maana unaporusha chambo bandia mita 60 kutoka kwenye boti na kolekole akakigusa, unamsikia kwenye kiganja kama vile kabisha hodi.

Kwenye wembamba, Wajapani ndio waliotoa kipimo kinachoaminika, namba zinazoandikwa PE. Zinapima unene, hazipimi nguvu, na hapa wengi hujikwaa. PE 1 ni milimita 0.165. PE 4 haina unene mara nne. Ina mara mbili, milimita 0.33. PE 8, ambayo wanaorushia kolekole wakubwa huipenda, inakaribia nusu milimita na hubeba kati ya kilo 36 na 45. Nailoni ya nguvu hiyo inakaribia milimita nzima, na ukiirusha inakata upepo kama kamba ya ng'ombe.

Mimi nilinunua kwa namba ya nguvu. Bobini ilikuwa imeandikwa ratili 100, bei ilikuwa tamu, na muuzaji simtaji kwa sababu ujinga ulikuwa wangu. Kwenye boti nahodha akaichukua, akavuta kipande cha urefu wa mkono, akakipitisha kati ya kidole gumba na kucha.

"Umeupima wapi huu?"

"Umeandikwa, mzee."

"Kuandikwa si kupimwa, mdogo wangu."

Akanionyesha. Ulikuwa wa nyuzi nne, bapa, umesukwa kwa kulegea. Ukiuvuta kwenye pete za fimbo unalia kama nyenje. Wa kwake ulikuwa wa nyuzi nane, wa mviringo, laini. Mwanamke yeyote wa pwani anayesuka ukili angemaliza ubishi ule kwa kutazama mara moja: idadi ya miali na kubana kwa mkono ndivyo vinavyofanya mkeka udumu miaka au ufumuke msimu mmoja. Mrusho wangu wa tatu, uzi ulijizungusha kwenye pete ya juu, ukasema taa, na chambo cha mti cha gramu 120 kikaenda zake peke yake kuelekea Madagaska.

Sifa mbaya nazo zina rekodi zake. Uzi huu ni dhaifu kuliko wenzake mbele ya moto: huyeyuka karibu nyuzijoto 150, wakati nailoni huvumilia zaidi ya 200. Ukikaza fundo likiwa kavu, msuguano peke yake unaliunguza. Mate yanatosha. Ukiwa umekazika kisha ukagusa tumbawe, unakatika kama wembe umepita. Na kwa mkono wa binadamu ni huo huo wembe: usiuzungushe kidoleni samaki akiwa upande wa pili, hata kwa sekunde.

Ndiyo sababu haufungwi moja kwa moja kwenye chambo. Mbele yake kunawekwa kipande cha nailoni nene, ratili 130 hadi 200, kivumilie matumbawe na meno. Tatizo ni kuviunga, maana uzi wa kusuka unateleza kama kambare na mafundo ya kawaida huachia. Fundo linaloaminiwa zaidi leo linaitwa FG, nalo kwa kweli ni msuko. Nailoni inabaki imenyooka, haipindwi popote. Uzi unapishwa juu yake, kulia kushoto, kulia kushoto, kama mara 20, ukibanwa kila mara. Nahodha alishika upande mmoja kwa meno, mwingine kaufunga kwenye kidole cha mguu, akawa anasuka huku anasimulia habari za posa ya mwanawe. Alipomaliza, akatema mate, akavuta kwa nguvu zote; uzi mweupe ukabadilika rangi, ukazama kwenye nailoni. Kadiri unavyovutwa ndivyo unavyobana. Sijaona kitu kizuri zaidi kikifanywa kwa vidole tangu nitoke nyumbani.

Nyumbani nako kuna mabingwa wa kano. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, hutengeneza upote wa upinde kwa kano za wanyama wakubwa, zikalainishwa na kusokotwa, na pinde zao kijana wa mjini hazipindi. Upote unatakiwa usinyumbuke, kwa sababu ileile ya uzi wa kusuka: nguvu ifike mbele, isipotelee njiani. Katani yetu ya kufungia ndama nayo ina historia ya kujivunia. Mjerumani Richard Hindorf aliileta miche yake Tanganyika mwaka 1893, nyingi ikafia njiani, na iliyobaki ikazaa mashamba yaliyoifanya nchi hii kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani kufikia miaka ya 1960.

Fimbo na rili nisizisahau. Fimbo ya kurushia ukiwa botini ni ya mita 2.3 hadi 2.5, ndefu zaidi ni ya ufukweni, na botini itamchoma mwenzako. Rili iwe kubwa, iingie mita 300 za PE 8. Chini ya uzi weka nailoni kidogo, la sivyo uzi wote utazunguka kwenye bobini kama gurudumu lililokwama kwenye tope la Haydom. Uvishe ukiwa umebanwa kwa kitambaa kibichi.

Breki ndiyo hasa. Watu hutumia mamilioni kwenye uzi, kisha breki wanaikaza kwa kukisia. Ichukuliwe mizani ya ndoana, ifungwe mwisho wa uzi, mtu mmoja ashike fimbo ikiwa imepinda, mwingine avute mizani taratibu mpaka rili iachie. Kwa uzi wa kilo 40, iachie kwenye kilo 10 au 12, basi. Kilo 10 za vitunguu swaumu vya Mbulu mtoto anabeba. Kilo 10 kwenye ncha ya fimbo ya mita 2.4, boti ikiyumba, zinakufanya umkumbuke mama yako. Robo tatu iliyobaki ya nguvu ya uzi ni ya fundo, ya kurusha vibaya, na ya ile dakika samaki anapoona boti.

Na samaki mwenye sifa kuliko wote aliyenaswa kwa mshipi katika bahari hii hakugharimu rili wala breki. Desemba 1952, Domoni kisiwani Anjouan, Komoro, mvuvi Ahmadi Abdallah alivuta kwa mshipi wa mkono samaki wa ajabu, aina ambayo wataalamu waliamini ilitoweka tangu zama za mijusi wakubwa, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangazo la zawadi ya pauni 100 lilikuwa limebandikwa visiwani. Mtaalamu wa samaki, Profesa J.L.B. Smith, akaja kumchukua kwa ndege ya jeshi, na inasemekana alilia alipomwona. Kanuni za IGFA zinataka fimbo na rili, kwa hiyo samaki wa Ahmadi hayumo kwenye daftari lao.

Ukijiandaa kwenda Fungu Kizimkazi, uzi nunua kwa namba ya PE, nyuzi nane, na ujaribu fundo nyumbani mara 30 kabla ya safari. Mizani ya breki usiinunue kwenye maduka ya watalii. Iko kwetu Hanang, mnadani Katesh, pembeni ya wauza vitunguu, inapima hadi kilo 50. Yangu niliitoa hapo, na bado inanuka swaumu.