«Take»: neno dogo lililochinjisha kuku



Mwenzetu mmoja wa hapa Bukavu ana kijana anayesoma Kampala, katika inchi ya Uganda, ambako anafundishwa kwa Kiingereza. Siku moja ujumbe wa kijana ukaingia katika simu: «I took the exam.» Mama hajui Kiingereza. Akamwita binti yake wa sekondari, naye akafungua kamusi na kutafsiri kwa Kifaransa: «J'ai passé l'examen.»

Mama aliposikia «passé», akapiga vigelegele: mtoto amepita! Kuku akachinjwa, majirani wakaitwa, wengine wakaleta sukari na sambaza. Kisha wiki tatu, matokeo yakatoka: kijana ameanguka masomo mawili. Mama aliona haya mbele ya majirani. Akamkasirikia kijana kwamba amemdanganya, na kwa siku nyingi hawakuzungumza.

Lakini kijana hakudanganya, na binti alitafsiri vizuri. Kwa Kifaransa, «passer un examen» ni kufanya mtihani tu. Aliyefaulu anasema «j'ai réussi». Sisi tunasikia «passer» na tunaelewa kupita. Kiingereza nacho kinaongeza mtego, kwa maana «to pass an exam» kwao ndiyo kufaulu! Sisi walimu tunaona hata wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakipoteza pointi hapo.

Neno moja, kazi nyingi

Mtoto akikuta «take» katika kitabu, anaandika «prendre», yaani kuchukua, na anafikiri amemaliza. Mara nyingine ni sawa: «take the umbrella» ni «prends le parapluie». Lakini tazameni haya:

«Take this bag to your aunt»: «Apporte ce sac à ta tante.»
«Take the child to the hospital»: «Emmène l'enfant à l'hôpital.»
«Take off your shoes»: «Enlève tes chaussures.»
«It takes two hours»: «Il faut deux heures.»
«She takes after her mother»: «Elle ressemble à sa mère.»

Katika mbili za kwanza, Kiswahili chetu kinatumia neno moja: peleka mfuko, peleka mtoto. Kifaransa kinatenga: kitu «on l'apporte», mtu «on l'emmène». Ndiyo sababu watoto wetu wengi wanaandika «apporter l'enfant», kama vile mtoto ni mfuko wa mihogo.

Mama, usiogope

Wengine mnasema: «Sisi hatukusoma Kiingereza, tutasaidia watoto namna gani?» Mnajua jambo hili tayari. Fikirini neno letu «kupiga». Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti. Je, kuna mtu anayechapwa? Mfaransa atasema «téléphoner», «repasser», «photographier», «s'agenouiller». Maneno manne kwa neno letu moja. Hakuna mama anayechanganya pasi na magoti, kwa sababu tunasikia neno pamoja na lile linalolifuata. «Take» ni vilevile.

Basi, mtoto akileta kazi ya nyumbani, fanyeni hivi:

Kwanza, asome sentensi yote mpaka mwisho mbele ya kufungua kamusi.

Pili, muulize: nani anafanya nini, na kitu gani, ao na mtu gani? Akueleze kwa Kiswahili, Mashi ao luga yoyote ya nyumbani. Kama hawezi kukueleza wewe, bado hajaelewa.

Tatu, hapo ndipo atafute neno la Kifaransa. Na katika daftari asiandike «take» peke yake. Aandike «take an exam: passer un examen», neno pamoja na mwenzake.

Juu ya dawa

Hapa tunaomba uangalifu. Dawa nyingine sokoni zinatoka inchi jirani, na karatasi yake ni ya Kiingereza. «Take one tablet twice a day» ni «prendre un comprimé deux fois par jour»: kunywa kinini kimoja, mara mbili kwa siku. Mtoto anayesoma haraka anaweza kuona «one» na «twice», akasema kinini kimoja ao viwili, vyovyote. Mtoto asitafsiri dawa peke yake. Peleka karatasi kwa muganga ao kwa mtu wa farmasi, akuambie vinini vingapi, mara ngapi, na mbele ya chakula ao kisha chakula.

Mwenzetu na kijana wake wamepatana. Binti ndiye aliyewaeleza wote wawili, na daftari mkononi. Kijana atarudilia masomo yale mawili. Mama anasema kuku wa pili yuko, anakula vizuri, lakini safari hii hatachinjwa mpaka lisikike neno «réussi».