PLAIWUDI HAIJIUZI

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpenzi msomaji, siwapingi wahenga wetu, lakini kuna bidhaa moja inayoukwepa msemo huo, nayo ni plaiwudi. Zitazame mbili zikiwa dukani: zote ni laini, zote zina rangi ya kupendeza, na zote ni futi nane kwa nne. Moja itavumilia mvua kwa miaka, nyingine itabanduka msimu wa kwanza. Uso wake haukwambii kitu. Plaiwudi nzuri huuzwa na mtu anayeijua na anayeweza kuieleza. Kila likizo mimi husaidia katika duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu, na ningependa kuwaeleza jinsi wauzaji wanavyofunzwa kazi hii pale, na vifaa wanavyotumia.

Kwanza, plaiwudi ni nini? Kiwandani, gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu kilicho kikali sana. Linapozunguka, ubao mwembamba hutoka mfululizo kama mkeka unaokunjuliwa. Ubao huo hukatwa, hukaushwa, hupakwa gundi, kisha tabaka hupangwa moja juu ya nyingine na kushinikizwa kwa mashine yenye joto. Siri iko kwenye kupanga. Nyuzi za kila tabaka hukatiza nyuzi za jirani yake kama msalaba. Mbao hutanuka na kusinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hivyo tabaka zilizokatizana huzuiana. Aidha, idadi ya tabaka kwa kawaida huwa witiri, yaani tatu, tano, saba na kuendelea, ili pande zote mbili zivutane sawasawa na ubao usipinde.

Je, mteja asomewe haya yote pale kaunta? La hasha! Mteja ana haraka, na matatu yamngoja. Yeye aonyeshwe. Hapo ndipo vifaa vya kuuzia vinapoingia.

Kifaa cha kwanza ni ubao wa sampuli. Vipande vidogo vya milimita 3, 6, 9, 12 na 18 vimepigiliwa kwa mfuatano, kingo zikitazama mbele. Kingo ndizo husema ukweli: hapo mteja huhesabu tabaka, na huona kama kuna mashimo katikati. Chini ya kila kipande pameandikwa kazi yake. Ya milimita 3 ni ya dari na milango myepesi, ya 6 ni ya mgongo wa kabati, ya 12 ni ya rafu, na ya 18 ni ya kazi nzito.

Kifaa cha pili ni vipande viwili vilivyochemshwa. Mjomba alivitia kwenye sufuria ya maji, akavichemsha jikoni kwa saa kadhaa, kisha akavikausha na kuvining'iniza kaunta. Kimoja kilikuwa na gundi ya yuria, ambayo ni ya kazi za ndani. Tabaka zake ziliachana. Kingine kilikuwa na gundi ya fenoli, na bado kimeshikana. Gundi ya fenoli huonekana kama mstari wa hudhurungi iliyokolea kati ya tabaka. Hata hivyo, rangi peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu gundi ya melamini ni nyeupe pia, nayo huvumilia unyevu kuliko yuria.

Kifaa cha tatu ni chati ya hesabu. Plaiwudi moja hufunika futi 32 za mraba. Dari ya chumba cha futi 12 kwa 12 ni futi 144 za mraba. Ukigawa kwa 32 unapata nne na nusu, kwa hivyo mteja hununua tano. Chati hii humwokoa mteja asinunue nane kwa kubahatisha, au akanunua nne na kulipa nauli mara ya pili.

Lakini vifaa bila mafunzo ni kama jembe bila mpini. Asubuhi kabla ya wateja kufika, wafanyakazi huigiza: mmoja mnunuzi, mwingine muuzaji. Muuzaji sharti aulize maswali matatu: Itakaa wapi? Itabeba nini? Italowa? Siku moja nilishuhudia maswali hayo yakifanya kazi kweli.

"Kijana, nipe ile ya bei nafuu."

"Sawa, mama. Ni ya kazi gani?"

"Ya meza ya kuuzia mboga, pale steji."

"Iko chini ya mabati ama inanyeshewa?"

"Ah, hiyo mvua inaipiga tu."

"Basi hii itakumalizia pesa bure. Hebu ona hii tuliyoichemsha."

"Wacha! Si imeachana kama chapati!"

Mama huyo aliongeza pesa kidogo akachukua ile ya nje. Baadaye siku hiyo mzee mmoja alitaka ya milimita 18 kwa mgongo wa kabati la chumbani. Aliambiwa ya milimita 6 inatosha, akaondoka na chenji mfukoni. Mjomba husema kuwa yule mzee ndiye tangazo la duka, kwani atarudi, na hatarudi peke yake.

Kuna jina moja linalowachanganya wengi, nalo ni merini. Mafundi wengi huita hivyo ubao mweusi unaong'aa, ule wa kumwagia zege. Merini halisi ni ya kutengenezea mashua, na kipimo chake kinachojulikana sana ni BS 1088 cha Uingereza. Hata hiyo, gundi yake ndiyo isiyoogopa maji. Mbao zenyewe zaweza kuoza. Kwa hivyo muuzaji humkumbusha mteja kupaka kingo rangi au vanishi, maana maji huingilia hapo.

Mwisho, duka lenyewe ni somo. Plaiwudi hulazwa chali juu ya vipande vya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu. Ikiegemezwa ukutani kwa muda mrefu hupinda, na hakuna maneno matamu yatakayoinyoosha.

Wenzangu mnaosoma Biashara, haya si mambo ya plaiwudi peke yake. Mnunuzi wa kawaida hana maabara. Ana macho yake, pesa alizoweka akiba kwa miezi, na neno la muuzaji. Neno hilo likiwa la uongo, meza ya mboga huanguka na watoto hulala njaa. Basi atakayesimama nyuma ya kaunta na ajue kitu anachokiuza, na amwonyeshe mteja ukingo wake, si uso tu.