Ngoma 300 zinavyonyamaza kwa pamoja

Kikosi cha ngoma cha shule kubwa ya samba mjini Rio de Janeiro, ambacho wenyewe hukiita bateria, huwa na wapigaji kati ya 250 na 300. Watu wote hao wanaweza kunyamaza ghafla katikati ya wimbo, wakawaachia waimbaji sauti tupu, kisha wakarudi kwa pigo moja bila yeyote kuwahi wala kuchelewa. Mkato huo huitwa paradinya, na anayetajwa kuuanzisha ni Mestre André wa shule ya Mocidade Independente de Padre Miguel, mwaka 1959. Kila anayejiunga na kikundi cha samba hutamani kuufikia haraka. Akiufikia hukuta mikono inajua kazi yake, ila miguu haijui iko wapi.

Samba huhesabiwa mbili, na uzito uko kwenye mbili. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, hasa waliozoea gwaride la bendi, ambako mguu hutua kwa kishindo kwenye moja. Surdo ya kwanza, ngoma kubwa kuliko zote na yenye sauti nzito, hupiga kwenye mbili. Surdo ya pili, nyembamba kidogo kwa sauti, huitikia kwenye moja. Ya tatu hupita katikati yao ikikatakata. (Watu wa shule ya samba ya Mangueira wana lao: hawaweki surdo ya kuitikia, moja inabaki wazi, na shabiki wa Rio huwatambua kwa hilo kabla hajawaona.) Surdo yenyewe husemwa ni ubunifu wa Alcebíades Barcelos, maarufu kwa jina la Bide, aliyewamba ngozi kwenye kopo kubwa la siagi enzi za Deixa Falar, kikundi kilichoanza mtaa wa Estácio mwaka 1928.

Ukitazama surdo kwa mbali utadhani ni kazi ya mkono mmoja, ule wenye kirungu. Mtazame mpigaji kwa karibu, uone mkono wa pili. Pigo likishalia, kiganja hutua juu ya ngozi na kuuzima mlio. Ukichelewa kuuzima, sauti yako inavuka na kuingia kwenye pigo la mwenzako, na hapo bateria nzima inakuwa na mvumo usio na umbo. Ndiyo maana ningependa kila mgeni aanzie kwenye surdo ya pili, hata kama macho yake yako kwenye tamborimu.

Tamborimu inavutia, sikatai. Ni kigoma cha upana wa takriban sentimita 15, kinashikwa mkono mmoja na kupigwa kwa ufito unaonesa. Ufito hupiga mara mbili kutoka juu, kisha kifundo cha mkono ulioshika ngoma hukigeuza ili ufito unapopanda ukutane na ngozi kwa chini, halafu pigo la nne linatoka juu tena. Mapigo manne, na mikono yote miwili inafanya kazi. Kwa mwendo wa mizunguko 140 kwa dakika, unaoweza kusikika kwenye maandamano ya kanivali, hayo ni zaidi ya mapigo 9 kwa sekunde. Kwa hiyo jifunze polepole, lakini si polepole mno: mapigo hayo manne hayalingani urefu. La tatu na la nne huwahi kidogo, na mwendo ukizorota sana mwanafunzi huyasawazisha bila kujua. Mdundo unakuwa sahihi kwa hesabu, na hakuna anayetaka kuucheza.

Kuwahi huko hakuandikiki vizuri kwenye nota. Kunaimbwa. Mwalimu hutamka mdundo kwa mdomo, wanafunzi wanamfuatisha huku wakitembea pale pale walipo, mguu wa kulia kwenye moja, wa kushoto kwenye mbili, na ngoma ziko chini. Waliofundishwa ngoma za kwetu hawatashangaa. Chokalho, agogo na kuika, ala nyingine za bateria, navyo hufundishwa hivyo hivyo.

Sasa mkato. Anayeita ni mpiga repiniki, ngoma yenye sauti kali inayopigwa kwa kijiti kimoja na kiganja. Yeye hutoa wito, bateria huitikia, na mara nyingi wimbo wenyewe huanzishwa kwa wito wake. Lakini kwenye kikosi kikubwa masikio peke yake hayatoshi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama mita 30 nyuma husikia wito ukiwa umechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa mwendo ule hilo ni karibu pigo zima la tamborimu. Ndiyo maana mestre, kiongozi wa bateria, huonyesha mkato kwa vidole na mikono, na wasaidizi waliotawanyika kati ya safu huirudia ishara hiyo mpaka nyuma. Mpigaji anayetazama ngoma yake ataukosa. Waamuzi wa kanivali hutazama kama mwendo haukuyumba, na sehemu ya kumi ya alama inaweza kuikosesha shule ubingwa.

Mazoezi ya kunyamaza ni rahisi kuyaeleza. Kikundi hupiga mizunguko minane, kinanyamaza mizunguko minane, kinarudi. Miguu haisimami. Mara za mwanzo karibu wote hurudi mapema, kwa sababu ukimya huonekana mrefu kuliko ulivyo, na kuhesabu kimoyomoyo huharakisha zaidi. Dawa ni kuendelea kuimba surdo kwa ndani, si kuhesabu. Ukipotea, usibahatishe. Shusha vijiti, endelea kutembea, subiri surdo ya kwanza ilie mara mbili au tatu, ndipo uingie.