Je, Wajua? Majani Hufika Hadi Kwenye Damu ya Kuku

Chembe nyekundu ya damu ya kuku huishi kama mwezi mmoja tu, ilhali ya binadamu huishi siku 120 hivi. Kuku wa nyama naye huanza na gramu 40 akafika kilo mbili ndani ya wiki sita, basi damu anayokwenda nayo sokoni karibu yote imetokana na alichokula bandani. Ndiyo maana mfugaji wa Kosele, Homa Bay, anayechanganya unga wa majani ya mlonge kwenye chakula cha kuku hafanyi mzaha: mlonge una protini na madini ya chuma, malighafi ya hemoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu.

Atakuwepo wa kusema hizo ni imani za wazee. Lakini Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia 1 Januari 2006, na watafiti wengi wakageukia mimea kama mbadala. Kipimo chao kimoja ni rahisi: damu huzungushwa kwenye mashine, na kwa kuku mwenye afya chembe nyekundu huchukua takriban asilimia 22 hadi 35 ya ujazo wake. Pingamizi lenye uzito ni la kiasi. Vitunguu vikizidi huharibu chembe hizo hizo, na tanini za baadhi ya majani hukamata chuma kisifyonzwe. Wala mlonge si tiba ya koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu. Ukiona kinyesi chenye damu, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.