Kwanza Funga Daftari

Septemba ikikaribia, nyumba yenye mtoto wa darasa la saba hubadilika. Televisheni inazimwa mapema, twisheni ya jioni inaongezwa, na mtoto anakaa mezani na daftari la Sayansi akisoma ukurasa uleule kwa mara ya nne, karibu kila mstari umepigiwa wino wa rangi. Mzazi akichungulia anaridhika: mtoto anasoma. Kumbe hiyo ni miongoni mwa njia dhaifu za kujiandaa kwa mtihani.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya habari. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilisoma mara moja tu, kisha mara tatu likaandika yote liliyoyakumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye, waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja kibao kikageuka: wao 40, wenzao 61. Hali kama hiyo imeonekana pia kwa watoto wa shule.

Tatizo la kurudia kusoma ni kwamba macho yanauzoea ukurasa, na mtoto anadhani ameshika somo. Mwambie afunge daftari achore njia ya chakula mwilini. Ataandika mdomo, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Umio umemtoroka. Sasa afungue daftari, aone alichoruka, kisha afunge na kuchora upya. Hizo dakika chache za kuhangaika kukumbuka, ambazo mtoto huziona kama dalili kwamba hajui kitu, ndizo zinazomfundisha. Kesho kutwa achore tena, na wiki ijayo tena. Mara tatu zilizopishana siku zinamfaa kuliko mara tatu za usiku mmoja.

Kuna mtego katika mitihani ya miaka iliyopita, ambayo wazazi wengi hununua vitabu vyake. Maswali mengi ni ya kuchagua, na mtoto akishaona majibu A hadi E, moja litamwita tu. Afunike majibu kwa karatasi, aseme lake kwanza, ndipo afunue. Alilokosa aliandike upya kwenye daftari la makosa, pamoja na sababu ya kukosa. Aliyejumlisha robo tatu na moja ya sita akapata nne ya kumi hakuteleza kwa haraka. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na ataendelea kufanya hivyo hata akipewa maswali mia, mpaka mtu amwonyeshe kwa nini jibu ni kumi na moja ya kumi na mbili.

Katika Hisabati, maswali ishirini mfululizo ya asilimia hayasaidii sana. Baada ya la tatu mtoto hasomi swali tena, anachomeka namba tu. Changanya: moja la asilimia, moja la eneo, moja la wastani, moja la mwendokasi. Atakosa zaidi mwanzoni, na atalalamika. Lakini mtihani haumwambii swali linatoka mada gani, na kuitambua mada ni nusu ya kazi.

Mzazi ambaye hakusoma sana naye ana nafasi. Mama anakata vitunguu, daftari liko wazi kando yake: "Haya mwanangu, chakula kikishamezwa kinapita wapi?" Akijibu, aulizwe kwa nini. Anayeuliza hahitaji kuwa mwalimu.

Kuhusu kambi za kusoma alfajiri, nasema wazi kwamba nyingi zinabomoa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13, zisizopungua 8. Anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri anapata usingizi wa saa tano tu, chini sana ya zinazomfaa, na ni usingizini ambamo ubongo huimarisha yale aliyojifunza mchana. Kama ni lazima kuchagua, punguzeni twisheni.

Siku ya mwisho mada mpya zisiguswe. Apitie daftari la makosa mchana, achonge penseli mbili, atafute kifutio, ale, alale mapema kama siku nyingine zote.